Haloperidoli na ondansetroni kwa mgonjwa mmoja: moyo wake tuulinde vipi?

Swali: Mama yangu ana umri wa miaka 67. Kwa zaidi ya miaka 20 amekuwa akimeza haloperidoli miligramu 5 kila usiku kwa sababu ya skizofrenia, na imemtuliza vizuri. Sasa anaanza tibakemikali ya saratani ya titi, na daktari amemwandikia vidonge vya ondansetroni vya miligramu 8, mara mbili kwa siku kwa siku tatu baada ya kila mzunguko. Nilipokwenda kuvichukua, mfamasia alisita kunipa, akasema dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kusimamisha moyo. Daktari alipopigiwa simu alisema apewe tu. Mama pia anameza haidroklorothiazidi kwa ajili ya presha. ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, aliyopimwa kabla ya matibabu inaonyesha mapigo 100 kwa dakika, QT 360 na QTc 465, na mashine imeandika pembeni kwamba QT imerefuka. Nani kati yao yuko sahihi, na je, nimwachishe dawa mojawapo? Sijui kama linahusu, lakini mjomba wangu, mdogo wake Mama, alifariki ghafla akiogelea alipokuwa na miaka 19.

Jibu: Nianze na lile ambalo likikosewa leo litaleta madhara leo: usimwachishe Mama haloperidoli kwa uamuzi wako. Mgonjwa aliyetulia kwa miaka mingi akikatishwa dawa ghafla anaweza kurudiwa na saikosisi, yaani hali ya akili kupoteza uhalisia, katikati ya tibakemikali, akakataa sindano, akakataa chakula, na matibabu ya saratani yakavurugika wakati yanapohitajika mno. Ondansetroni nayo usiifiche kabatini kwa hofu, kwa sababu kutapika kusikodhibitiwa nako huuhatarisha moyo uleule unaotaka kuulinda, kwa njia nitakayoieleza. Mfamasia hakukosea kusita, na daktari hakukosea kuona kwamba dawa inahitajika. Kilichokosekana kati yao ni mazungumzo ya dakika tano, karatasi ya ECG ikiwa mezani na majibu ya damu pembeni yake. Ningependa uyaombe mazungumzo hayo, na jibu hili nimeliandika kwa urefu ili uyaingie ukijua cha kuuliza. Majina ya dawa nimeyaandika kwa tahajia ya Kiswahili. Kwenye boksi utayakuta yameandikwa tofauti kidogo.

Kila pigo la moyo hutanguliwa na wimbi la umeme. Seli za vyumba vya chini vya moyo hupokea umeme huo, hujikunja kusukuma damu, kisha hulazimika kurudi katika utulivu wake kabla ya kupokea amri ya pigo linalofuata. Muda wote huo, tangu umeme unapoingia katika vyumba vya chini mpaka vinapomaliza kutulia, ndio unaosomwa kwenye karatasi ya ECG kama QT, na hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde moja. Kutulia huko hutegemea sana potasiamu inayotoka ndani ya seli kupitia vijia vidogo vya protini. Kimojawapo cha vijia hivyo, ambacho wataalamu hukiita hERG, kina uwazi mpana kwa ndani ambamo molekuli za maumbo mengi hunasa kwa urahisi, na ndiyo sababu dawa zisizofanana hata kidogo kwa matumizi yake, za akili, za kichefuchefu, za malaria, za fangasi, hujikuta zote zikikwama mahali pamoja. Dawa ikikwama humo, potasiamu hutoka polepole, seli huchelewa kutulia, na QT hurefuka.

QT iliyorefuka haiumi na mgonjwa haihisi. Hatari yake ni kwamba seli iliyochelewa kutulia inaweza kutoa cheche ya umeme kabla ya wakati wake, na cheche hiyo ikikuta sehemu nyingine za moyo ziko katika hatua tofauti za kutulia, umeme huanza kuzunguka ovyo ndani ya vyumba vya chini. Daktari Mfaransa François Dessertenne ndiye aliyeueleza mdundo huo mwaka 1966 na kuupa jina torsades de pointes, yaani kujisokota kwa ncha, kwa sababu kwenye karatasi mawimbi huonekana yakijipinda kuzunguka mstari kama kamba inayosokotwa. Mara nyingi mdundo huo hukoma wenyewe baada ya sekunde chache na mgonjwa huzirai kisha akazinduka. Mara nyingine haukomi, moyo huishia kutetemeka bila kusukuma damu, na hapo ndipo maneno ya mfamasia wako kuhusu moyo kusimama yanapotimia. Mgonjwa wa Dessertenne alikuwa mwanamke mzee ambaye moyo wake ulikuwa ukipiga polepole kupita kiasi. Ninalitaja hilo kwa sababu mpaka leo jinsia ya kike, umri mkubwa na mapigo ya polepole vimo katika orodha ya mambo yanayomweka mtu karibu zaidi na mdundo huu.

Watu hushangaa wakisikia kwamba dawa ya akili na dawa ya kutapika zina kasoro moja. Wasingeshangaa wangejua undugu wake. Klorpromazini, iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili jijini Paris mwaka 1952, ilijulikana mapema kuwa inazuia pia kutapika, kwa sababu dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na saikosisi, huamsha vilevile sehemu ya ubongo inayoanzisha kutapika. Haloperidoli ilitoka mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen nchini Ubelgiji, na maabara hiyohiyo ilizaa baadaye droperidoli, inayotumika dhidi ya kichefuchefu baada ya upasuaji, domperidoni ya tumbo, na sisapridi iliyokuwa ikitumika kwa kiungulia. Ondansetroni si ya ukoo huo, kwani yenyewe huzuia kemikali nyingine, serotonini, na haiigusi dopamini, lakini kwenye kijia cha hERG hujikuta imefika mlango uleule.

Mamlaka za dawa zilijifunza jambo hili kwa gharama. Sisapridi iliondolewa katika soko la kawaida la Marekani mwaka 2000, baada ya ripoti 341 za mdundo mbaya wa moyo, zikiwemo za vifo 80. Thioridazini, dawa ya saikosisi iliyopendwa kwa sababu haikuwa ikikaza misuli kama nyenzake, iliwekewa masharti makali na mwaka 2005 mtengenezaji wake akaiondoa sokoni duniani kote. Droperidoli ilipewa onyo kali nchini Marekani mwaka 2001, na mpaka leo madaktari wengi wa usingizi, nami nikiwa upande wao, huona onyo hilo lilizidi kipimo kwa dozi ndogo zinazotumika kuzuia kutapika. Kuhusu haloperidoli, onyo la Marekani la mwaka 2007 lililenga hasa sindano ya mshipa na dozi zinazovuka kiwango. Kidonge cha miligramu 5 usiku hakimo katika kundi hilo la hatari kubwa, ingawa si kidonge kisicho na athari.

Kwa ondansetroni tunazo namba nzuri kuliko kwa dawa nyingi. Uchunguzi uliofanywa kwa agizo la Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ulionyesha mwaka 2012 kwamba sindano moja ya mshipa ya miligramu 32 hurefusha QT kwa wastani wa milisekunde 20, ilhali ya miligramu 8 huirefusha kwa takriban 6. Dozi ya 32 ikafutwa, na sindano moja ya mshipa isizidi miligramu 16. Uingereza iliongeza mwaka 2013 kwamba kwa wagonjwa wa tibakemikali wenye miaka 65 au zaidi, kila sindano ya mshipa ichanganywe kwenye maji ya dripu na kuingizwa taratibu kwa muda usiopungua dakika 15. Dozi za vidonge hazikubadilishwa, kwa sababu kidonge huingia damuni polepole na sehemu yake hupotelea kwenye ini kabla ya kufika moyoni. Mama yako amepewa vidonge. Ila siku ya tibakemikali yenyewe, karibu kila mahali, mgonjwa hupewa sindano ya kuzuia kutapika kabla ya dripu ya dawa za saratani, na mara nyingi sindano hiyo ni ondansetroni. Uliza, kwa sababu hapo ndipo kiwango damuni hupanda juu kuliko siku zozote za vidonge, na hilo la dakika 15 linamhusu yeye moja kwa moja.

Sasa nifike kwenye ECG yake, kwa sababu ile 465 iliyowatisha nyote inastahili kutazamwa upya. Moyo unapokwenda mbio QT hujifupisha, na unapokwenda polepole hujirefusha, kwa hiyo namba ghafi lazima irekebishwe kulingana na mapigo ndipo ipatikane QTc. Kanuni mbili maarufu za kurekebisha zilitoka mwaka mmoja, 1920. Ya Mwingereza Henry Bazett hugawanya QT kwa kipeuo cha pili cha muda ulio kati ya pigo na pigo, na ya Mdenmaki Louis Fridericia huigawanya kwa kipeuo cha tatu. Mapigo yakiwa 60 kwa dakika, kanuni zote mbili hutoa jibu moja. Yakiwa 100, muda wa pigo hadi pigo ni sekunde 0.6, na QT ya 360 huwa 465 kwa Bazett lakini 427 kwa Fridericia. Mashine nyingi hutumia Bazett kwa mazoea tu, na udhaifu wake unajulikana: huzidisha namba pale moyo unapokwenda kasi. Kwa mwanamke tunaanza kutilia shaka tukivuka 460, kwa mwanamume 450. Tunashtuka tukivuka 500, au namba ikipanda kwa zaidi ya 60 juu ya ile ya mwanzo ya mgonjwa mwenyewe. Kwa maneno mengine, onyo la mashine lilitokana zaidi na mapigo 100 kuliko na moyo uliochelewa kutulia. Swali ambalo ningeliuliza mbele ya karatasi hiyo ni kwa nini moyo wa mtu aliyelala kitandani ulikuwa ukipiga mara 100. Inaweza kuwa ni woga wa hospitali. Inaweza pia kuwa upungufu wa damu, homa, au upungufu wa maji mwilini.

Hesabu hiyo inanifanya niwe upande wa daktari, kwa kiasi. Mwanamke mwenye QTc ya 427 huku haloperidoli ikiwa tayari damuni, akiongezewa dawa ambayo kwa wastani huongeza milisekunde chache, yuko mbali na 500. Lakini wastani huo ulipatikana kwa watu wenye afya, wasiotapika na wasiomeza kitu kingine, na Mama yako hayuko katika hali hiyo.

Mwaka 1998 Dan Roden, daktari na mtafiti wa Marekani, alipendekeza wazo ambalo kwangu ndilo linaloeleza vizuri kuliko yote kwa nini dawa ileile huwapita maelfu ya watu salama na kumwangusha mmoja. Alisema moyo una akiba. Njia za kuirudisha seli katika utulivu ni zaidi ya moja, na njia moja ikizibwa nyingine huchukua kazi, hivi kwamba dawa moja peke yake kwa kawaida hula sehemu ya akiba bila dalili yoyote kuonekana. Anayeanguka ni yule ambaye akiba yake ilikwisha kuliwa na mambo mengine kabla ya dawa hiyo kufika. Ndiyo maana swali la dawa ipi ni mbaya halinisaidii sana kitandani kwa mgonjwa; ninachotaka kujua ni nini kingine kinachokula akiba hiyo.

Kwa Mama yako ninaona mambo kadhaa. Umri na jinsia hatuwezi kuvibadilisha. Haidroklorothiazidi ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko ondansetroni yenyewe, kwa sababu hutoa potasiamu na magnesiamu kupitia mkojo, na potasiamu ikipungua damuni, mambo mawili mabaya hutokea pamoja: kijia cha hERG hupitisha umeme kidogo zaidi, na dawa inayokiziba hupata nguvu zaidi ya kukiziba. Kisha ongeza tibakemikali. Mgonjwa anayetapika na kuharisha kwa siku tatu, asiyekula, akiendelea kumeza kidonge cha kuongeza mkojo kila asubuhi, anaweza kupoteza potasiamu na magnesiamu kwa kasi kubwa, na anaipoteza katika siku zilezile tatu anazomeza ondansetroni. Hapo utaona kwa nini nilisema usimnyime dawa ya kutapika. Kutapika kwenyewe hula akiba, pengine zaidi ya kidonge kinachozuia kutapika huko.

Kwa hiyo mwombe daktari apime potasiamu na magnesiamu kabla ya kila mzunguko, na tena katikati ya siku hizo tatu iwapo atatapika sana au kuharisha. Magnesiamu mara nyingi husahauliwa kwa kuwa haimo katika kipimo cha kawaida cha madini ya damu, na potasiamu haipandi vizuri magnesiamu ikiwa chini. Maabara itasema potasiamu ya 3.5 ni ya kawaida. Kwa mgonjwa wa aina hii sisi hupenda ifike 4 na kuvuka kidogo. Muulize pia kama dawa ya presha inaweza kubadilishwa kwa isiyopoteza potasiamu, angalau kwa miezi ya tibakemikali. Hilo ni badiliko dogo lisilogusa akili wala saratani, nami ningelianza nalo kabla ya kugusa dawa nyingine yoyote.

ECG ya pili ni ya lazima, na wakati wa kuipima una maana. Haloperidoli hukaa damuni kwa muda mrefu na kiwango chake hakibadiliki sana kati ya asubuhi na jioni, lakini kidonge cha ondansetroni hufikia kilele baada ya saa moja na nusu hadi mbili hivi. ECG iliyopimwa asubuhi kabla ya kidonge haitakuambia unachotaka kujua. Ipimwe kama saa mbili baada ya kumeza, siku ya pili au ya tatu, na isomwe kwa Fridericia ikiwa mapigo bado yako juu. Na asomaye awe mtu, si mashine peke yake, kwa sababu mwisho wa wimbi la mwisho mara nyingi haueleweki na mashine hukisia.

Ikiwa QTc itakuwa imepanda kwa namna isiyopendeza, njia mbadala zipo, ila kuna mtego mmoja. Katika haraka ya kuikwepa ondansetroni, wengi hukimbilia metoklopramidi, ambayo kweli haigusi QT sana. Metoklopramidi huzuia dopamini, na Mama tayari anatumia haloperidoli inayozuia dopamini usiku na mchana. Kuziweka pamoja ni kumkaribishia kukakamaa kwa shingo na taya, mtetemeko na mahangaiko ya kutotulia mahali pamoja. Domperidoni nayo si kimbilio. Shirika la Dawa la Ulaya liliibana mwaka 2014 isizidi miligramu 30 kwa siku wala kutumiwa kwa zaidi ya wiki moja hivi, kwa sababu ya moyo, na hatari yake huonekana zaidi kwa waliovuka miaka 60. Promethazini ni ndugu wa klorpromazini, kwa hiyo nayo haitutoi mtegoni. Kwangu mimi mbadala wa kwanza ungekuwa palonosetroni, ya jamii ya ondansetroni, hupewa kwa sindano moja ya mshipa siku ya tibakemikali na uchunguzi mahususi haukuiona ikirefusha QT kwa kiasi cha kutia shaka. Deksamethasoni hairefushi QT moja kwa moja na husaidia sana dhidi ya kutapika, lakini inaweza kuvuruga usingizi na hisia, jambo ambalo daktari wake wa akili anapaswa kulijua mapema.

Ipo pia njia ambayo ningependa daktari wa saratani na daktari wa akili waijadili pamoja, ingawa najua ni nadra wawili hao kukaa meza moja. Olanzapini ni dawa ya saikosisi ambayo athari yake kwa QT ni ndogo, na katika miaka ya karibuni imekuwa dawa inayokubalika ya kuzuia kutapika kwa wagonjwa wa tibakemikali. Kwa mgonjwa mwingine ningeshawishika kusema haloperidoli ibadilishwe polepole kuwa olanzapini, na dawa moja ifanye kazi mbili. Kwa mtu aliyetulia kwa zaidi ya miaka 20 ningesita, kwani utulivu huo haununuliki, na nisingependa uvunjwe kwa ajili ya hesabu ya milisekunde isipokuwa ECG itulazimishe. Kilicho wazi ni kwamba olanzapini isiongezwe juu ya haloperidoli bila mtu kufikiri, kana kwamba ni kidonge cha tumbo tu.

Pengine unajiuliza kama haloperidoli ya miaka yote hii imemdhuru. Utafiti mkubwa wa jimbo la Tennessee, Marekani, uliochapishwa mwaka 2009, uliowafuatilia zaidi ya watumiaji 90,000 wa dawa za saikosisi, ulikuta kwamba vifo vya ghafla vya moyo kwa watumiaji vilikuwa takriban mara mbili ya vile vya wasiotumia, vikiongezeka kadiri dozi ilivyopanda, na kwamba dawa mpya hazikuwa salama kuliko za zamani. Waliokuwa wameacha dawa hawakuwa na ongezeko hilo, jambo linaloashiria kwamba athari haijikusanyi mwilini ikabaki. Mara mbili ya hatari ndogo bado ni hatari ndogo, na skizofrenia isiyotibiwa nayo hufupisha maisha kwa njia nyingi.

Mbele kuna hatari ambayo haijafika bado na ambayo naiogopa zaidi ya ondansetroni. Tibakemikali hushusha kinga, na kinga ikishuka huja fangasi wa kinywa na maambukizi ya kifua. Mtu mwingine kabisa, kwenye zamu ya usiku, atamwandikia flukonazoli, au eritromisini, au klaritromisini, au moksifloksasini, na zote hizo hurefusha QT; zaidi ya hayo, flukonazoli na klaritromisini huzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine, hivyo haloperidoli hupanda damuni bila dozi kuongezwa. Dawa za huzuni kama fluoksetini hufanya vivyo hivyo kwa kimeng'enya kingine, na sitalopramu yenyewe hurefusha QT. Methadoni ya maumivu makali na kwinini zimo katika orodha hiyohiyo. Andika dawa zote za Mama kwenye karatasi moja, ukianza na haloperidoli, na sentensi moja juu yake kwamba anatumia dawa zinazorefusha QT; mpe kila anayeshika kalamu ya kuandika dawa. Mfamasia yule aliyesita ndiye mtu wa kumwachia nakala, kwa kuwa ameonyesha kwamba anasoma.

Akizirai, hata kwa sekunde tano, hata kama amezinduka na kusema yuko sawa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na udai ECG. Kuzirai kwa mdundo huu huja ghafla, mara nyingi bila kizunguzungu cha kutangulia, na mwili unaweza kutikisika kiasi kwamba wengi hudhani ni kifafa. Wapo waliotibiwa kifafa kwa miaka wakati tatizo lilikuwa moyoni. Asipozinduka na asipohema kawaida, ita msaada wa dharura na uanze kumkandamiza kifua papo hapo. Hospitalini watajua la kufanya wakiambiwa mapema: magnesiamu gramu 2 kwenye mshipa hupewa hata kama kipimo cha damu hakionyeshi upungufu, potasiamu huongezwa, dawa zilizosababisha husimamishwa, na mshtuko wa umeme hutumika ikiwa mdundo haukomi.

Nimemwacha mjomba wako mwisho kwa sababu habari yake inaweza kubadilisha karibu yote niliyoyasema. Wapo watu wanaozaliwa na QT ndefu, takriban mmoja kati ya kila 2,000, kutokana na kasoro ya kurithi katika vijia hivihivi vya umeme. Aina iliyo ya kawaida kuliko nyingine hugusa kijia kinachoitwa KCNQ1, ambacho kazi yake ni kusaidia seli kutulia haraka wakati wa jitihada na msisimko, na tukio linalojulikana sana kuiibua ni kuogelea. Kijana mwenye afya anayefariki ghafla majini huenda alizama tu. Huenda pia moyo wake ulijisokota kwanza, ndipo akazama. Mwenye kasoro hiyo huishi akiegemea hERG kuliko watu wengine, na dawa inayoiziba humwondolea egemeo alilobaki nalo.

Ikiwa mjomba wako alikuwa nayo na aliirithi kwa mzazi mmoja, uwezekano wa Mama kuwa nayo ulikuwa nusu kwa nusu tangu kuzaliwa. Yapo mambo yanayopunguza uwezekano huo: amefika miaka 67, amemeza haloperidoli kwa zaidi ya miaka 20 bila wewe kutaja kuzirai hata mara moja, na QTc yake iliyorekebishwa vizuri ni 427. Lakini takriban mmoja kati ya wanne wenye kasoro hiyo huwa na QT inayoonekana ya kawaida wakiwa wamepumzika, na baadhi yao hugunduliwa siku dawa ya pili inapoongezwa. Kwa hiyo kabla ya mzunguko ujao daktari wa moyo aisome ECG yake akiwa na habari ya mjomba mkononi, aulize kama kuna wengine katika ukoo waliofariki ghafla, waliozama, au walioitwa wenye kifafa, na aamue kama kipimo cha ECG wakati wa mazoezi au cha vinasaba kinahitajika. Mpaka atakapojibu, ningeomba sindano ya palonosetroni ishike nafasi ya ondansetroni, ili tibakemikali isicheleweshwe. Wewe na ndugu zako mliozaliwa na Mama, pamoja na watoto wa mjomba kama aliacha, mpimwe ECG ya kawaida. Mkienda, chukueni na ile ya Mama, daktari azitazame kwa pamoja.